Mji Usio na Mifupa

Waoga nimewajua wengi, na mimi mwenyewe nimo, lakini sijapata kuona mtu aliyeusomea uoga kama mwalimu wetu wa Jumamosi. Ndiyo maana niliposikia kwamba jengo lake kule Tottenham, London, limefanya nyufa, kwamba halmashauri imewahamisha wapangaji wote lisije likawaporomokea, na kwamba yeye peke yake amebaki juu ghorofani, hataki kutoka, sikuamini. Mama ndiye aliyenipigia simu kunipa habari.

"Siye," nikamwambia. "Wamemchanganya na mtu mwengine."

"Ndiye. Kijana wa council kenda mara mbili, Mwalimu kamrudisha. Nenda wewe, huenda akakusikia. Ile nyumba itamwangukia, mwanangu."

Mtu huyu ndiye aliyetufundisha kuondoka. Watoto wa Kizanzibari wa mitaa ile, na wawili watatu wa Mombasa, tulikaa kwenye zulia lake miaka mingi tukifundishwa kwamba mwenye akili hasubiri ukuta udondoke. Mkoba wake ulikuwa umefungwa nyuma ya mlango tangu sijavunja ungo. Sasa ukuta wenyewe ndio huo unataka kudondoka, na yeye kakaa kitako. Nilikata simu na hofu imeniingia, maana kama mwalimu haogopi tena, basi kuna jambo limeharibika ndani yake.

Jina lake sitalitaja. Hata yeye hakulitaja. Zahanati wakiita jina lake haitiki, atangoja watu wapungue, kisha atamwendea muuguzi na kumnong'oneza, "Nadhani mnanitaka mimi." Sisi tulimwita Mwalimu, na wazazi wetu vivyo hivyo, kwa sababu alikuwa akisomesha historia Unguja kabla ya Mapinduzi. London alifanya kazi kwenye stoo ya hospitali, akihesabu mashuka na mablanketi, na ukimuuliza kazi ikoje atakwambia, "Nzuri, ina milango miwili."

Alikuwa mrefu, mwembamba, na koti halimtoki mwilini hata ndani ya nyumba. Sote tulivua viatu mlangoni kama tulivyolelewa, ila mwenye nyumba. Akitaka kusali ndipo atavua, na hapo atavipanga pembeni mwa mswala, vidole vimeelekea mlangoni. Watu wazima walimcheka. Mama alikuwa akisema mwalimu akifa itabidi azikwe na viatu, asije akachelewa Siku ya Kiyama.

Dirishani aliweka bilauri ya maji. Hakuna aliyeruhusiwa kuyanywa. Chini ya mtaa wake zilipita treni za chini ya ardhi, na zikipita, yale maji yalicheza kidogo, duara moja katikati. Siku aliyohamia fleti ile, inasemekana aliuhisi mtikisiko akatoka mbio hadi barabarani na koti lake na kikoi, akiwapigia kelele majirani watoke. Majirani walikuwa Waingereza na Wajamaika, hawakuelewa neno hata moja, lakini bibi mmoja wa Kijamaika alimhurumia akampa chai. Baadaye akaelezwa kuwa ni treni tu. Akasema sawa, ni treni, na bilauri akaiweka vilevile. "Treni nitaijua," alituambia. "Siku maji yakicheza na treni haikupita, mtaniona chini."

Wazazi walimpelekea watoto ili wafundishwe Kiswahili na adabu. Wengi tulizaliwa au kukulia hapa, tukielewa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Kiswahili alitufundisha, adabu pia, lakini vyote viwili alivipitishia Krete ya kale, kisiwa cha huko Ugiriki. Mama alipogundua kwamba mwanawe anajua wafalme wa Krete na hajui mji wa Unguja una mitaa gani, alimwendea.

"Mwalimu, mbona huwafundishi ya kwao?"

"Ya kwao hayajapoa, dada yangu," akamjibu.

Akianza Krete alibadilika. Sauti ilipanda, mikono ikatoka mifukoni. "Walikuwa watu wa kisiwa kama sisi," atasema. "Watu wa jahazi na biashara. Walikwenda Misri wakarudi na dhahabu, walikwenda Shamu wakarudi na shaba. Enzi hiyo hapa London palikuwa na nini? Matope. Wao kwao maji machafu yanapita chini ya sakafu kwenye mabomba ya udongo! Choo chao kilikuwa bora kuliko cha nyumba hii." Alituonyesha picha kwenye kitabu chake kikubwa, kimechakaa jalada: mitungi mirefu kumshinda mtu, imejaa mafuta ya zeituni na nafaka, wasichana wanachuma zafarani, kima wa buluu wanapanda mwamba, vijana wanaruka juu ya mgongo wa ng'ombe dume. Hapo kwa ng'ombe alicheka, akasema Wapemba wanajidai kwa mchezo wao wa ng'ombe, wao wanamkimbia tu, hawa walimruka sarakasi. Walikuwa na maandishi pia, ambayo mpaka leo hakuna mtaalamu aliyeyasoma. Hilo lilimfurahisha kupita kiasi. "Siri zao wanazo wenyewe," atasema na kufunga kitabu kwa muda, kama anayewafichia.

Kisha atauliza, "Nini hakimo kwenye picha hizi?"

Tulikuwa tunajua jibu kwa moyo. "Ukuta!"

"Ukuta. Miji mikubwa hivyo, haina ukuta. Milango iko wazi. Walidhani bahari inawatosha." Na hapo furaha ilikwisha, na sisi tukaanza kuogopa.

Kaskazini ya Krete, alitufundisha, kulikuwa na kisiwa kidogo kiitwacho Thera, na watu wake walikuwa wa ustaarabu uleule, wenye nyumba za ghorofa na kuta zilizochorwa mbayuwayu. Kisiwa chote kilikuwa kimekaa juu ya volkano na wenyewe hawajui. Kwanza ardhi ikatikisika, nyumba zikapasuka. Watu wakakimbia. Ardhi ikatulia. Ikawa siku nzuri, ndege wanaimba. Basi wakarudi. Waliochimba mji ule walikuta kifusi kimesombwa kikarundikwa vizuri, mafundi walishaanza kazi, na nje, juu ya kifusi, vitanda vimepangwa. Watu walikuwa wanahamia tena makwao.

"Kosa ni kurudi," Mwalimu alisema. "Mtikisiko wa kwanza ni salamu. Kakusalimia. Ukirudisha kitanda ndani, umemkaribisha."

Kila alipofika kwenye vitanda alinyamaza. Si kunyamaza kwa mtu anayevuta pumzi. Macho yalikwenda mlangoni yakakaa huko, na sisi kwenye zulia tukageuka kutazama anachokitazama, hatukuona kitu, tukasogeleana. Mimi nilianza kulala na viatu. Mama alipokuta shuka zina matope alikwenda kumshitaki Mwalimu kwa Mwalimu mwenyewe, naye akasema, "Mwache. Viatu havimuumizi mtu."

Jambo moja la Thera lilimpa raha, na ilikuwa raha ya ajabu. Volkano ilipopasuka kwa kweli, majivu yaliufunika mji wote, ukahifadhika kama ulivyo. Lakini waliochimba hawakukuta maiti. Hakuna mfupa wa mtu. Wala hakuna dhahabu. Maana yake waliona dalili nyengine, wakachukua vya thamani, wakaondoka wote kwa wakati.

"Walikwenda wapi?" alituuliza, na ilikuwa lazima kila mtoto ajibu. Mmoja alisema Misri. Mwengine Krete yenyewe kwa shangazi zao. Mdogo kuliko sote alisema Lewisham, hapa hapa London, maana shangazi yake alikaa huko, na Mwalimu akacheka mpaka akafuta machozi, akasema huenda, huenda. Ilipofika zamu yangu nikasema walikufa baharini. Mawimbi yalikuwa makubwa, mwenyewe katwambia, na majahazi yao ya mbao.

Hakunigombeza. Alikaa chini taratibu, rangi imemtoka usoni. "Umewaona?" akaniuliza. Nikasema la. "Umeuona mfupa?" Nikasema la. "Basi pasipo mfupa hapana msiba. Usimzike mtu ambaye hujamwona." Darasa liliishia hapo siku ile, na visheti vyake vitamu vya kila Jumamosi hatukupewa.

Na Krete je? Krete haikufa na Thera, hilo alilisisitiza. Mawimbi yaliwapiga pwani, majivu yakaanguka mashariki, wakajijenga tena. Lakini tazameni mitungi yao ya baadaye, alisema: ndipo walipozidi kuchora pweza, macho yamewatoka, mikono imeuzunguka mtungi wote. Walichora kinachowatisha. Wakaishi hivyo, wajukuu wa wajukuu, kila mtu sikio liko baharini, na mwishowe watu wa bara wakaja na silaha, majumba yakachomwa, na wenye kisiwa wakawa wageni kwao. "Mlima haukuwaua. Uliwatisha tu. Aliyetishwa huja akamalizwa na mwengine." Nilikuwa mdogo, lakini niliona kuwa na yeye mwenyewe pweza amemzunguka.

Alitupeleka mara moja kwenye jumba la makumbusho la katikati ya mji kuiona mitungi hiyo kwa macho. Safari yote alituhesabu kwenye basi. Tulipofika alimuuliza bawabu mlango wa nyuma uko wapi, akaenda kuusimamia, na sisi tukazunguka wenyewe. Nilimkimbilia kumwambia, "Mwalimu, pweza yupo! Njoo umwone!" Akasema, "Mwone wewe, halafu unisimulie." Alikuwa ameisubiri safari ile mwaka mzima. Nilimsimulia mpaka basi likatufikisha kwetu, naye akasikiliza kama mtoto.

Desturi ya hodi aliishika kuliko wazee wote. Kwetu hodi ni tatu. Usipoitikiwa unarudi, hata kama unajua mtu yumo. Yeye hakuitikia ya kwanza wala ya pili. Ya tatu atauliza, "Mtoto wa nani?" na ole wako ujibu "mie." "Mwenye heri hupiga hodi tatu," alitufunza. "Anayepiga ya nne kaja kuvunja mlango."

Sasa tazama mtu huyu alivyo. Jina anaficha, simu hana, hapigwi picha. Lakini akisikia mtu yeyote anakwenda Unguja, awe anamjua au hamjui, atamfuata hata Stratford kumuaga, na maneno ni hayohayo: "Ukiulizwa na mtu yeyote nakaa wapi, mwambie palepale. Mtaa uleule, ghorofa ileile." Wazee walimtania: unajificha au unajitangaza? Alipewa nafasi ya fleti nzuri yenye bustani, mbali na treni, akakataa. Mama alidhani ni ubahili wa nauli. Aliyetuambia kila Jumamosi kwamba kosa ni kukaa, hakuhama hata chumba.

Na methali yake kubwa ilikuwa ile ya kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa kilio. Wengine huisema kwa kejeli, kujitetea. Yeye aliisema bila kicheko.

Nilikwenda mchana, siku ya pili ya ile simu ya mama, upepo mwingi. Nilishakuwa mtu mzima, na watoto wangu wananijibu kwa Kiingereza. Jengo lilikuwa limezungushiwa uzio. Mlinzi aliniruhusu kwa kuwa nilisema ni binti yake, akaniomba nifanye haraka. "Na usiguse kuta," akasema, nami nikaona ni neno la kipumbavu mpaka nilipoingia ndani.

Lifti ilikuwa imezimwa. Nilipanda ngazi. Milango yote imezibwa mabati, na kila ghorofa upepo ukipiga, jengo linatoa sauti, mlio mrefu kama kitanda cha zamani mtu anapojigeuza. Ufa ulianza ghorofa ya pili kwenye kona ya ngazi. Nilikuwa nikipanda nao unapanda. Mwanzo uzi, halafu ningeweza kutia ukucha, juu kabisa mkono wangu ungepita, na mwanga wa nje unaonekana. Nasema kweli, nilitaka kushuka nikamwambie mama sikumkuta.

Nikasimama mlangoni kwake. "Hodi!" Kimya. "Hodi, Mwalimu!" Kimya. "Hodi jamani!" Nikangoja aniulize mtoto wa nani. Hakuuliza.

Hodi tatu zimekwisha. Nililelewa vizuri, mwili wenyewe ukaanza kugeuka kurudi. Jengo likalia tena chini yangu, vumbi likanidondokea begani, na nikapiga kelele ambayo sijawahi kuipiga mlangoni kwa mtu: "HODI!"

Ndani, sauti nyembamba, si ya mzee, sauti ya kijana aliyebanwa, ikajibu: "Hayupo. Katoka tangu asubuhi."

Niliusukuma mlango, haukufungwa kwa ufunguo. Alikuwa amekaa kitini na koti lake, viatu miguuni, mkoba magotini, uso umelowa. Bilauri ilikuwa dirishani na maji yanacheza mfululizo, hayatulii.

"Mwalimu, ni mie. Mtoto wa—"

"Nimekujua," akasema, sasa kwa sauti yake. "Mbona umepiga ya nne?"

"Nyumba inaanguka. Twende."

"Siwezi."

"Mkoba unao mkononi! Maisha yote umetufundisha tuondoke!"

"Mkoba ni wa kukimbilia chini barabarani nikarudi. Si wa kuhama." Akaushika kwa mikono miwili. "Nina mdogo wangu. Hujapata kumsikia. Ile Januari ya Mapinduzi tulikimbilia shamba, sote. Pakatulia. Mimi nikasema turudi mjini, kumepoa, shule zitafunguliwa. Yeye hakutaka. Nikamcheka nikamwita mwoga. Nilikibeba kitanda chake mwenyewe kichwani nikakirudisha ndani."

Jengo lilikuwa likisema peke yake.

"Wakaja. Hodi tatu hatukuitikia. Wakapiga ya nne. Nikajibu mimi, nikasema hayupo, katoka. Yeye alikuwa chumbani anasikia. Wakaanza kuupiga mlango, na akatoka, akasema, 'Nipo. Msimsumbue kaka yangu.' Wakaniambia anakwenda kuulizwa maneno mawili tu, atarudi sasa hivi." Akaniangalia. "Sijaonyeshwa kaburi. Sijaonyeshwa mfupa. Wote wanaokwenda nimewapa anwani hii. Nikihama akija atanikuta wapi? Majirani wote wamekwenda. Hata wa kumuaga hakuna."

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa amekataa kutoka. Kwetu mtu hahami bila kuaga, ili aulizwaye ajue la kujibu, na yeye alikuwa amebaki mpaka mtaa ukamwishia watu wa kuwaaga.

"Kalasinga wa dukani yupo," nikasema. "Duka liko ng'ambo ya barabara, halivunjwi."

Akafikiri. Ukuta wa jikoni ukatoa mlio mkavu, kigae kimoja kikaanguka kikapasuka. Sote wawili tuliruka. Akainuka, akaimwaga ile bilauri kwenye sinki, akaitia mfukoni mwa koti, na tukashuka. Kwenye kona zenye ufa alifumba macho, na mimi nikamwongoza kwa mkono, mkono baridi kama wa maiti, nikisoma kila sura niliyoijua.

Kalasinga, mzee wa Kisingasinga aliyekuja kutoka Nairobi, tulimwita hivyo tangu utotoni naye hakuchukia. Dukani mlikuwa na wateja kadhaa na mlango nyuma yetu uko wazi. Mwalimu alisimama mbele ya kaunta.

"Nimekuja kukuaga. Nahama. Nakwenda kukaa kwa binti yangu huyu."

"Eh, mzee! Wewe pia? Sasa nitabaki na nani?"

"Akija mtu kuniulizia, mwambie niko kwake. Anwani atakuachia yeye."

"Mtu gani, mzee?"

"Mdogo wangu."

"Sawa. Akikuja nitamwambia. Na mimi nikiondoka, kijana wangu atamwambia. Lakini nitamjuaje? Anaitwa nani?"

Mwalimu aligeuka akautazama mlango, kama alivyokuwa akiutazama kwenye vitanda. Wateja walikuwa wanangoja. Nilidhani atamwinamia Kalasinga amnong'oneze. Hakunong'ona. Alilitaja jina la ndugu yake, la baba yao na la babu yao, kwa sauti ya darasani, mpaka mwanamke aliyekuwa akichagua ndizi akageuka. Kisha akalitaja na lake.

Kalasinga aliyarudia majina yote mara moja, pole pole, asikosee.

Mwalimu alikaa kwangu mpaka Mungu alipomchukua. Bilauri hakuiweka dirishani, alinywea chai. Jengo limeshavunjwa, lakini duka lipo, na kila nikipita huingia, na yule kijana wa Kalasinga, ambaye sasa mwenyewe ana mvi, hutikisa kichwa kabla sijauliza. Majina anayo yote. Mimi pia ninayo, na nimekaa hapa kuyaandika zaidi ya mara moja, na kila nikianza huinuka kwanza nikautazame mlango.